Mbio za Wawili Mlimani

Somo la mwezi huu. Soma kwanza: Yohana 20:1–10, Wagalatia 6:1–5, Mhubiri 4:9–12.



Mwezi huu twataka kujifunza neno la Mungu kwa njia ya mbio. Msistaajabu. Mtume Paulo naye aliwaandikia Wakorintho habari za watu wapigao mbio uwanjani, kwa sababu karibu na mji wao ilikuwapo michezo mikubwa, na kila mtu wa Korintho aliujua mfano huo kwa macho yake. Sisi nasi tu watu wa milima. Wengi wetu tumezaliwa katika miteremko ya Kilimanjaro, na Meru, na Upare, na Usambara; tangu utoto tumepanda na kushuka tukiwa na mzigo kichwani. Tena siku hizi vijana wetu wameyapenda mashindano ya mbio. Kila mwaka wageni na wenyeji kwa maelfu hukusanyika Moshi kukimbia marathoni, na vijana wa sharika zetu wamo kati yao. Basi mfano huu nasi twaweza kuuelewa.

Lakini mbio tutakazozitazama leo zina sheria moja iliyo ngeni kwa wengi, nayo ndiyo itakayotufundisha.

1. Mbio zenyewe ni za namna gani

Marathoni ni kilometa 42 na meta 195. Mbio yo yote iliyo ndefu kuliko hiyo huitwa ultramarathoni. Nyingine hukimbiwa barabarani, nyingine milimani, katika njia nyembamba za wachungaji na wawindaji, penye mawe, na matope, na pengine theluji. Na katika hizo za milimani zimo chache ambazo mtu hawezi kuandikwa peke yake. Huandikwa watu wawili: wanaume wawili, au wanawake wawili, au mwanamume na mwanamke. Wakianza, huanza pamoja. Wakifika, sharti wafike pamoja.

Huko Uingereza mashindano ya namna hii yalianzishwa mwaka 1968 na mtu jina lake Gerry Charnley. Baadaye yakaitwa Original Mountain Marathon. Hufanywa mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, wakati wa mvua na baridi. Wawili hao hupewa ramani, nao hutafuta njia yao wenyewe kwa dira, milimani pasipo alama za kuwaongoza. Ni kazi ya siku mbili, na usiku wa katikati hulala nyikani. Kwa hiyo kila kitu cha kuwahifadhi hukichukua mgongoni: hema, mifuko ya kulalia, jiko dogo, chakula, na nguo za kuota joto.

Mwaka 2005 yakaanzishwa mengine yaitwayo Transalpine Run, ya kuivuka milima ya Alps kwa miguu, kutoka Ujerumani, kupita Austria, hata kufika Italia. Ni safari ya siku saba au nane, kila siku na sehemu yake. Njia yote ni kama kilometa 250, na ukijumlisha miinuko yote ni kama meta 15,000 za kupanda. Mtu akitaka kukielewa kipimo hicho, na afikiri hivi: kutoka mji wa Moshi hata kilele cha Kibo, chenye meta 5,895, ni kupanda kama meta 5,000. Basi ni kama kupanda kutoka Moshi hata kilele cha Kibo mara tatu katika juma moja.

Na tangu mwaka 2008 yako mashindano yaitwayo Petite Trotte à Léon, yanayouzunguka mlima wa Mont Blanc, mpakani mwa Ufaransa, Italia na Uswisi. Hao huenda wawili au watatu pamoja, kama kilometa 300, mchana na usiku, wakilala kidogo tu. Nao hawahesabiwi nafasi. Hakuna aandikwaye wa kwanza wala aandikwaye wa mwisho. Huulizwa neno moja tu, kama wamefika pamoja.

2. Saa huhesabiwa kwa yule wa pili

Wale waivukao milima ya Alps waliwekewa sheria hii: mahali pa kukaguliwa wawili wasiachane zaidi ya dakika mbili. Na saa yao ya kufika haihesabiwi kwa yule atanguliaye; huhesabiwa kwa yule wa nyuma anapokanyaga mstari.

Itazameni vema sheria hiyo, kwa maana inageuza kila kitu. Katika mbio za mtu mmoja, nguvu zako ni mali yako. Ukiwa nazo, unazitumia upate faida yako. Katika mbio za wawili, yule mwenye nguvu akikimbia mbele kwa nusu saa, hakupata hata dakika moja. Amejichosha bure. Nguvu zake zina kazi moja tu inayofaa, nayo ni kumsaidia mwenzake afike. Kumbe nguvu zile si zake tena! Alipoandikisha jina lake pamoja na jina la mwenzake, ndipo alipozitoa.

Kwa hiyo wale wazoefu huzitumia nguvu kwa akili. Mwenye nguvu huchukua hema na chakula, ili mwenzake awe na mzigo mwepesi. Penye kupanda, humweka mwenzake mbele, yeye akafuata nyuma, ili mwendo upimwe kwa yule asiye na nguvu. Penye kushuka katika mawe, yule mwenye jicho zuri na mguu thabiti hutangulia, mwenzake akakanyaga alipokanyaga yeye. Wengine hufungana kiunoni kwa kamba nyembamba inayovutika, na mwenye nguvu humvuta mwenzake kilimani taratibu.

Tena yatupasa kujua ya kwamba katika safari ndefu hali hizi hubadilika. Aliyekuwa hodari siku ya kwanza huenda akaumwa na tumbo siku ya tatu. Aliyeburutwa jana ndiye avutaye leo. Kushuka mlima kwa siku nyingi huumiza misuli ya mapaja kuliko kupanda, na mara nyingi yule aliyeshuka kwa fahari siku ya kwanza ndiye ashukaye kinyumenyume siku ya nne, akiishika fimbo kwa mikono miwili. Basi ye yote asimdharau mwenzake asubuhi, maana hajui jioni itakuwaje.

3. Kosa la mwenye nguvu

Liko kosa moja ambalo wakimbiaji hulijua sana, nalo hufanywa na watu wema, tena pasipo kufikiri. Mwenye nguvu hutangulia meta mia mbili, akaketi juu ya jiwe, akamngoja mwenzake. Hapo anywa maji, ala kidogo, apumzika, moyo wake watulia. Mwenzake afika akihema. Mara tu akifika, yule wa kwanza ainuka na kusema, “Haya, twende.” Naye adhani amefanya vema, maana si amengoja?

Lakini hesabuni, ndugu. Ni nani aliyepumzika? Mwenye nguvu amepumzika mara kumi tangu asubuhi. Mnyonge hakupumzika hata mara moja. Kila afikapo penye kupumzika, pumziko limekwisha. Na zaidi ya uchovu, ana huzuni moyoni, kwa kuwa siku nzima ameuona mgongo wa mwenzake tu, na kila mara amefika akijiona mwenye hatia. Hivyo kumngoja mtu si sawasawa na kwenda naye.

Je, mambo haya hayako katika sharika zetu? Wazee wa kanisa wenye elimu na mali huketi katika baraza, hupanga kujenga, hujadili, huelewana, hutulia. Habari ikifika kwa wajane na vibarua mwisho wa juma, wale wazee wamekwisha kuinuka na kusema, “Haya, twende, ahadi zenu ni kiasi hiki.” Na tena kabla ya paa kwisha, mpango mwingine umetangazwa. Watu wafika wakihema, na pumziko limekwisha. Kisha twauliza kwa nini wengine wamenyamaza, na kwa nini wengine hawaonekani tena ibadani siku ya mavuno.

Vivyo hivyo katika mafundisho ya kipaimara. Kijana ajuaye kusoma upesi amaliza sehemu yake, atazama dirishani. Mwalimu apendezwa naye, aendelea na somo jingine. Yule asomaye kwa shida hapati nafasi ya kushika neno la leo, kwa maana la kesho limekwisha kuanza.

4. Kosa la aliye mnyonge

Lakini tusiwalaumu wenye nguvu peke yao. Mnyonge naye ana kosa lake, nalo ni kuficha.

Aona mguu wake umechubuka tangu saa tatu asubuhi, lakini asema, “Nisimsumbue mwenzangu.” Hali chakula kwa kuwa tumbo limekataa, lakini aulizwapo asema amekula. Apenda aonekane shujaa. Ingalikuwa mbio zake peke yake, ingalikuwa shauri lake. Lakini ni mbio za wawili. Kidonda kilichofichwa saa tatu, ambacho dakika tano na kitambaa safi zingalitosha kukifunga, hufika saa kumi kimekuwa sababu ya wote wawili kuacha safari. Kwa kuficha udhaifu wake hakumwondolea mwenzake mzigo, amemwongezea.

Kwa sababu hiyo wawili wenye hekima hufanya maagano kabla ya kuanza. Kwanza, kila nusu saa mmoja amwulize mwenziwe kama amekula na kunywa, maana aliyechoka husahau njaa yake, na mwili ukiishiwa na chakula huzimika kama taa iliyokwisha mafuta. Wala wasizidishe maji matupu, kwa kuwa maji mengi mno pasipo chumvi yaweza kumdhuru mtu, hata kumwua. Pili, kila mmoja aseme maumivu yake mapema yakiwa bado madogo. Tatu, neno la kurudi liwe la yule mnyonge. Akisema, “Siwezi kuendelea,” mwenzake asibishane naye, asimwonyeshe uso wa hasira, wala asilikumbushe neno hilo baadaye nyumbani. Agano hili la tatu ndilo gumu kuliko yote, tena ndilo liokoalo.

5. Jambo asiloweza mtu kulijua mwenyewe

Sasa twafika penye neno zito, kwa maana mlimani watu hufa.

Joto la mwili wa mtu likishuka chini ya digrii 35, hatari imemfikia. Kwa kufa kwa baridi si lazima pawe na theluji. Mvua na upepo juu ya mwili uliochoka vyatosha. Wachukuzi wetu wa mizigo wa Kilimanjaro wayajua haya. Dalili zake ni hizi: kwanza mtu hutetemeka, kisha vidole vyashindwa kufunga kamba ya kiatu, ulimi wawa mzito, miguu yajikwaa, awa mkali pasipo sababu, au anyamaza kabisa. Mwishoni kutetemeka kwenyewe kwakoma, na hapo mjinga hudhani amepona, kumbe yu karibu na kufa.

Lakini lililo la kutisha zaidi ni hili: baridi huushika ubongo pamoja na mwili. Mgonjwa hajui ya kuwa ni mgonjwa. Ukimwuliza hujibu, “Sijambo, twende.” Asema kweli kwa jinsi aonavyo yeye, kwa kuwa akili ya kupima hali yake ndiyo iliyopooza. Basi hapo elimu yake haimsaidii, wala ushujaa wake, wala kitabu alichosoma. Aweza kuokolewa na jambo moja tu, yaani mtu mwingine aliye karibu, amjuaye, asikiaye ya kuwa sauti yake si ile ya asubuhi. Huyo humkinga na upepo, humvua nguo zilizolowa, humvika kavu, hulala naye katika blanketi moja amtie joto lake, na kama akili ingalipo humpa kinywaji cha moto chenye sukari. Wala asimpe pombe, maana pombe hulitoa nje joto la mwili lililobaki.

Tazameni mambo mawili yaliyotokea katika miaka hii yetu.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2008, yale mashindano ya Uingereza tuliyoyataja yalifanywa Borrowdale, katika nchi ya maziwa na milima. Watu kama 2,500 walianza, wawili wawili. Siku ile ya kwanza tufani ikaja: mvua kubwa, upepo wa kuangusha watu, vijito vikawa mito, barabara zikafungwa na maji. Mashindano yakakomeshwa. Usiku ule magazeti yakatangaza ya kuwa watu zaidi ya 1,700 hawajulikani walipo, na nchi nzima ikaingiwa na hofu. Lakini kesho yake wote wakapatikana hai. Wengine walikuwa wamelala katika mazizi ya wakulima, wengine katika machimbo ya mawe, na wengi katika hema zao wenyewe, wawili wawili, wakingoja kuche. Walikuwa na hema, na chakula, na nguo, na kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumtazama.

Tarehe 22 Mei mwaka 2021, katika jimbo la Gansu huko China, watu 172 walianza mbio za milimani za kilometa 100. Hao walikimbia mmoja mmoja. Wengi walivaa kaptula na fulana nyepesi, kwa maana koti la kuzuia upepo halikuwekwa kuwa kitu cha lazima. Mchana hewa ikageuka ghafula: upepo mkali, mvua ya baridi, na mvua ya mawe, nao walikuwa mahali pa juu pasipofikiwa na gari. Watu 21 wakafa. Mmoja aliyekuwa akichunga kondoo zake mlimani alikuwa amejikinga katika pango. Akawaona wakimbiaji, akawatia pangoni, akawasha moto, na watu sita wakapona kwa mkono wake.

Hatuwezi kusema ya kuwa wale 21 wangalipona kama wangalikwenda wawili wawili. Tufani zao hazikuwa moja, wala milima yao, na Mungu peke yake ajua. Lakini mambo haya mawili yatufundisha kuogopa kwa haki. Tena sisi tuitwao wachungaji hatuwezi kulisoma neno la yule mchunga kondoo pasipo kujiuliza: je, pango letu lina moto, na je, twachungulia nje tukaone ni nani apitaye katika mvua?

Kwa maana baridi ya roho nayo iko vivyo hivyo. Mtu aanzaye kupoa katika imani hajioni. Yeye huwa mkali nyumbani, kisha hunyamaza, kisha huacha sala, kisha meza ya Bwana, na ukimwuliza husema, “Sijambo, mchungaji.” Asema kweli kama aonavyo. Ndiyo sababu Bwana wetu alipowatuma wale kumi na wawili (Marko 6:7) hakumtuma ye yote peke yake. Na Mhubiri katika sura ya nne ataja mambo yayo hayo tuliyoyasema: kuanguka na kuinuliwa, kulala wawili na kupata joto, na kamba isiyokatika upesi. Maneno hayo si mapambo. Aliyeyaandika alijua safari.

6. Mizigo ya namna mbili

Wengi wameuliza kwa nini Mtume Paulo katika Wagalatia 6, mstari wa 2, aagiza tuchukuliane mizigo, na mstari wa 5 asema ya kuwa kila mtu atauchukua wake. Je, ajipinga mwenyewe? La. Katika Kiyunani maneno ni mawili. Lile la mstari wa 2 ni *baros*, yaani uzito umwelemeao mtu. Lile la mstari wa 5 ni *phortion*, yaani mzigo wake msafiri, kama ule ambao askari alipewa auchukue mwenyewe.

Wakimbiaji wa mlimani wangeyaelewa maneno hayo mara moja. Kila mmoja aanza na mfuko wake mgongoni. Hakuna aanzaye mikono mitupu akimtazamia mwenzake amchukulie yote. Mtu kama huyo hakutafuta mwenzi, alitafuta mchukuzi. Lakini tufani ikija, au goti likivimba, na ule mfuko uliokuwa halali ukawa uzito wa kumwangusha, hapo mwenzake hasemi, “Kila mtu na wake.” Auchukua. Na kazi ya hekima ya Kikristo ni kupambanua saa hizo mbili, kwa kuwa kumchukulia mtu mfuko wake kila siku ni kumfanya kiwete, na kumwachia uzito wake siku ya tufani ni kumwua.

7. Wawili waliokimbia asubuhi ya Pasaka

Liko katika Injili shindano moja la mbio za wawili, nalo tumelisoma katika Yohana 20. Maria Magdalene aleta habari ya kaburi lililo wazi. Petro na yule mwanafunzi mwingine watoka mbio. Mmoja ana miguu myepesi, atangulia, afika kwanza. Ainama, achungulia ndani, aziona nguo za maziko. Lakini haingii. Petro afika baada yake, naye aingia kwanza. Ndipo yule aliyemshinda kwa mbio aingia nyuma yake, aona, aamini.

Maandiko hayatuambii kwa nini hakuingia. Labda alishikwa na hofu, labda alimheshimu Petro. Lakini kumbukeni ni Petro yupi aliyekuwa nyuma. Ni yule aliyelia usiku wa Alhamisi baada ya jogoo kuwika. Mtu wa namna hiyo hakimbii upesi, maana moyo wake ni mzito. Naye mwenzake, ambaye siku ya Ijumaa alisimama chini ya msalaba, hakumfungia mlango, wala hakuingia peke yake kisha akarudi kumhadithia. Alisimama mlangoni hata mwenzake akafika. Furaha ile ya Pasaka waliipokea wakiwa wawili.

Hatuyasemi haya ili tuwape sheria mpya, mkadhani ya kuwa tutaingia mbinguni kwa sifa ya kuwangoja wengine. Hakuna aokolewaye kwa mbio zake, wala kwa uvumilivu wake. Aliye na nguvu zote ndiye aliyeanza kupunguza mwendo kwa ajili yetu. Jioni ya siku iyo hiyo (Luka 24), Yeye aliyekwisha kuyashinda mauti aliwakaribia watu wawili wenye huzuni waliokuwa wakienda Emau, akatembea nao kwa mwendo wao, akasikiliza maneno yao ya kukata tamaa, akaingia nyumbani walipoingia. Hakuwangoja juu ya jiwe mbele. Sisi tuliotembelewa hivyo ndio tuwezao kuwatembelea wengine hivyo. Pasipo hilo, kila kungoja kwetu huishia katika kununa.

Basi mtu na mke wake, mchungaji na mwinjilisti wake, mzee wa kanisa na mjane wa jirani, kijana wa kipaimara na mwenzake asiyesoma vema: kila mmoja na amtazame yule aliyeandikwa pamoja naye. Tena mkiwa na vijana watakao kwenda kukimbia milimani, msiwakataze. Waambieni waende wawili, wachukue nguo za kuzuia upepo hata kama jua linawaka, wapatane habari ya chakula, na waliweke agano lile la tatu kabla ya kuondoka nyumbani.

Maswali ya kuzungumza katika mikutano ya nyumba kwa nyumba

1. Saa yenu ingehesabiwa kwa yule afikaye wa mwisho katika nyumba yenu, ni jambo gani mngelibadili juma hili?

2. Ni mpango gani katika usharika wetu ambao wenye nguvu wamepumzika na wanyonge bado hawajapumzika? Utajeni kwa upole, na mpelekeeni mzee wa kanisa.

3. Ni dalili zipi zatuonyesha ya kuwa ndugu ameanza kupoa katika imani kabla yeye mwenyewe hajajua? Tumwendee kwa maneno gani?

4. Someni tena Wagalatia 6:1–5. Toeni mfano mmoja wa mfuko ambao mtu hana budi kuuchukua mwenyewe, na mfano mmoja wa uzito ambao ni dhambi kumwachia.

5. Kwa nini ni vigumu kwa mtu kusema, “Siwezi kuendelea”? Katika nyumba zetu, akisema hivyo, hupokewaje?

Tuombe: Bwana Yesu, uliyetembea na wanyonge kwa mwendo wao, utufundishe kusema udhaifu wetu mapema, na kuzitoa nguvu zetu pasipo kunung'unika. Uwalinde wote wasafirio milimani usiku huu, na wale walio peke yao uwape mtu wa kuwa karibu nao. Amina.